Usipoziba Ufa: Kinga ya Magego ya Watoto Kabla Hayajatoboka

Mazungumzo kwa watumishi wa Serikali, walimu na wakaazi wa Unguja na Pemba



Mazungumzo haya yanahusu jino moja. Ni gego la kwanza la kudumu, ambalo huota mtoto anapofikia umri wa kiasi cha miaka 6, na ambalo mara nyingi huanza kuoza kabla mzazi hajatambua kuwa limeshaota. Madhumuni yake ni kueleza namna jino hilo linavyoweza kukingwa kwa kizibo chembamba kinachopakwa juu yake likiwa bado zima: kizibo hicho ni kitu gani, kinawekwa vipi, kinafaa kwa kiasi gani, na mipaka yake ni ipi.

JINO LISILOTANGULIWA NA PENGO

Kila aliyelea mtoto anaijua desturi ya meno ya utotoni. Jino la mbele hulegea, huchezewa kwa ulimi siku kadhaa, kisha hung'oka, na mahali pake huota jingine. Kwa sababu hiyo wazazi wengi huamini kwamba kila jino la kudumu ni lazima litanguliwe na pengo.

Ama gego la kwanza la kudumu halifuati utaratibu huo. Huota nyuma kabisa ya meno yote ya utotoni, mahali ambapo hapakuwa na jino kabla yake, bila ya jino jingine kung'oka kulipisha. Mtoto huwa na meno 20 ya utotoni. Anapofikia umri wa miaka 6 hivi, bila ya kelele yoyote, huongezeka magego 4: mawili juu na mawili chini, kulia na kushoto. Magego mengine 4 hufuatia nyuma ya hayo mtoto anapofikia kiasi cha miaka 12.

Hapa ndipo hasara inapoanzia. Mzazi huona gego la mtoto wa miaka 8 lina doa jeusi, naye akajituliza kwa kusema kuwa hilo litang'oka na jingine litaota. Jingine haliji. Jino hilo mtoto amepewa alitumie mpaka uzeeni, na likishang'olewa halina badili lake isipokuwa jino la bandia.

Njia ya kulitambua ni nyepesi. Mzazi akoshe mikono, amkalishe mtoto penye mwanga au achukue tochi, kisha ahesabu meno kutoka katikati ya mdomo kwenda nyuma, upande mmoja. Jino la sita ndilo gego la kwanza la kudumu. Likiwapo, hata kama limechomoza nusu tu, huo ndio wakati wa kulishughulikia.

KWA NINI MAGEGO HUTANGULIA KUTOBOKA

Tangu zamani imesemwa kuwa jino hutobolewa na mdudu. Tundu la jino lenye weusi linafanana na tundu la mti ulioliwa na dumuzi, kwa hivyo si ajabu watu kufikiri hivyo. Lakini hakuna funza anayechimba jino. Kinachofanya kazi hiyo ni vijidudu visivyoonekana kwa macho, vinavyoishi ndani ya ukoga, yaani ule utando laini unaoganda juu ya meno yasiyopigwa mswaki. Vijidudu hivyo hula sukari iliyobakia mdomoni na kutoa tindikali. Tindikali hiyo huyeyusha kidogo kidogo gamba gumu la jino. Mate hujaribu kulitengeneza gamba hilo kwa kulirudishia madini yake, lakini mtoto anapokula vitu vitamu mara kwa mara mate hayapati nafasi ya kumaliza kazi yao.

Meno ya mbele ni laini usoni kama kigae. Mswaki huyapitia yote. Gego halikuumbwa hivyo. Uso wake wa kutafunia una vilima, vishimo na vifereji, na baadhi ya vifereji hivyo ni vyembamba kiasi ambacho hata unywele mmoja wa mswaki hauingii. Vijidudu na sukari huingia humo kwa urahisi. Mswaki hubakia juu. Zaidi ya hayo, gego jipya huchukua miezi mingi kupanda mpaka likalingana na wenziwe, na katika muda wote huo mswaki unaopita kwa haraka huligusa kidogo au hauligusi kabisa. Nalo gamba lake, likiwa bado jipya, huwa halijakomaa sawasawa.

Kwa hivyo basi, jino lililo dhaifu zaidi ndilo lililojificha zaidi na ndilo lisilosafishika. Nchini Marekani, ambako hesabu za jambo hili zimekusanywa kwa miaka mingi, imeonekana kuwa katika kila matundu 10 ya meno ya kudumu ya watoto, kiasi cha 9 yapo katika magego.

Si jambo la nchi moja. Katika ripoti yake ya mwaka 2022, Shirika la Afya Ulimwenguni lilikadiria kuwa watu wapatao bilioni 2 duniani wana meno ya kudumu yaliyotoboka, na watoto wapatao milioni 514 wana matundu katika meno yao ya utotoni.

KIZIBO CHA KINGA NI KITU GANI

Fundi wa majahazi hangoji chombo kiingize maji ndipo atafute pamba. Hukikalafati kikiwa bado kipo nchi kavu, akaziba kila mwanya uliopo baina ya ubao na ubao, ili maji yasipate pa kupenya. Kizibo cha kinga cha gego ni kazi ya namna hiyo. Ni dawa ya majimaji inayopakwa juu ya uso wa kutafunia wa gego zima, ikaingia katika vifereji, ikaganda na kuwa ngumu. Vifereji vikishazibwa, ukoga na sukari havina tena mahali pa kujificha, na mswaki hupita juu bila ya kizuizi.

Ni muhimu kutofautisha baina ya kizibo hiki na ujazaji wa jino ambao wengi wameuzoea. Jino hujazwa baada ya kutoboka: sehemu iliyooza huchimbwa kwa mashine, kisha shimo likajazwa. Kizibo cha kinga huwekwa kabla ya kutoboka. Hakuna sindano, hakuna kuchimba, na hakuna sehemu ya jino inayoondolewa.

Asili ya ufundi huu ni ya mwaka 1955. Katika mwaka huo, daktari wa meno Michael Buonocore, aliyekuwa akifanya kazi Rochester, katika jimbo la New York nchini Marekani, alichapisha matokeo ya majaribio yake. Alikuwa amezingatia namna viwanda vinavyotumia tindikali ya fosfori kutayarisha uso wa chuma ili rangi ishike vizuri. Akajaribu tindikali hiyo juu ya gamba la jino, na akaona kuwa uso wake hugeuka wenye vinyweleo vidogo mno, ambavyo dawa ya majimaji huweza kuviingia na kushikilia humo. Katika miaka ya 1960 yeye na wenzake waliitumia njia hiyo kuziba vifereji vya magego, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 vizibo vya kinga vilianza kuuzwa kwa madaktari.

AINA MBILI NA NAMNA ZINAVYOWEKWA

Aina ya kwanza ni ya resini, ambayo ni jamii ya plastiki. Daktari husafisha gego, huliwekea pamba pembeni ili mate yasilifikie, kisha hupaka tindikali kwa muda wa nusu dakika hivi. Huosha, hukausha, na sehemu iliyopakwa hubadilika ikawa nyeupe kama chokaa. Hapo hupaka resini na kuimulika kwa taa maalum ya mwanga wa buluu kwa sekunde chache, nayo ikaganda. Aina hii hushika kwa muda mrefu. Sharti lake kubwa ni ukavu: tone moja la mate likifika kabla ya dawa kuganda, kizibo hakitadumu. Aidha, inahitaji umeme na vifaa vya kliniki.

Aina ya pili ni saruji ya glasi-ionoma, iliyotokana na kazi ya wataalamu wa Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1970. Ni unga na majimaji vinavyochanganywa kwa mkono. Haihitaji taa wala umeme, huvumilia unyevu zaidi kuliko resini, na hutoa floridi kidogo kidogo, madini ambayo huliimarisha gamba la jino. Daktari hulisafisha gego, huliweka dawa hiyo, kisha huikandamiza kwa kidole chenye glavu iliyopakwa mafuta mpaka iingie katika vifereji. Ziada huondolewa, na mtoto hutakiwa asile kwa muda wa saa moja.

Aina hii ya pili ina uhusiano na nchi hii. Katikati ya miaka ya 1980, katika mafunzo ya udaktari wa meno Dar es Salaam, alikuwapo daktari wa Kiholanzi, Jo Frencken. Tatizo lililokuwapo vijijini lilikuwa wazi: mashine za kuchimbia zinahitaji umeme na maji ya bomba, na penye upungufu wa vitu hivyo mgonjwa alibakiwa na njia moja tu, nayo ni kung'olewa jino. Hapo ndipo ilipoanzishwa njia ya kutibu meno kwa vifaa vya mkono pekee, ambayo baadaye ilitumia saruji ya glasi-ionoma kujaza matundu madogo na kuziba vifereji vilivyo jirani. Njia hiyo ilifanyiwa majaribio Thailand na Zimbabwe katika miaka ya 1990, na mwaka 1994, ambapo Siku ya Afya Duniani ilihusu afya ya kinywa, Shirika la Afya Ulimwenguni liliiunga mkono. Mwaka 2021 shirika hilo liliiingiza saruji ya glasi-ionoma katika orodha yake ya dawa muhimu. Kwa maana hiyo, kinga ya magego si anasa ya miji mikubwa. Inaweza kufanyika juu ya meza ya darasa, katika kisiwa kidogo kisicho na umeme, alimradi yupo mtaalamu aliyefunzwa na vifaa vilivyo safi.

FAIDA YAKE NA MIPAKA YAKE

Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Maradhi cha Marekani kinaeleza kuwa vizibo huzuia asilimia 80 ya matundu ya magego katika miaka 2 ya mwanzo, na huendelea kukinga dhidi ya asilimia 50 kwa muda unaofikia miaka 4. Mwaka 2016 kituo hicho kilieleza kuwa watoto wa Marekani wenye umri wa miaka 6 hadi 11 ambao hawakuzibwa walikuwa na matundu katika magego ya kwanza karibu mara 3 zaidi kuliko waliozibwa. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa na Cochrane mwaka 2017, ambayo hupima kwa uangalifu mkubwa zaidi, yalipata kuwa katika miezi 24 vizibo vya resini hupunguza kutoboka kwa kiasi cha baina ya asilimia 11 na 51. Tarakimu zinatofautiana kwa sababu watoto na mazingira yanatofautiana. Mwelekeo wake ni mmoja.

Ni haki pia wananchi waelezwe yale ambayo kizibo hakiwezi kuyafanya.

Kwanza, kizibo hukinga uso wa kutafunia peke yake. Hakikingi ubavu wa jino wala mahali ambapo jino na jino hugusana, na hakikingi ufizi.

Pili, kizibo huweza kumeguka au kutoka. Saruji ya glasi-ionoma hutoka mapema kuliko resini, na ushahidi wa tafiti kwa upande wa resini una nguvu zaidi. Kwa hivyo mtoto aliyezibwa anapaswa kuangaliwa tena kila baada ya muda, na kizibo kilichotoka kirudishiwe.

Tatu, kizibo hakiponyi jino lenye shimo lililo wazi. Jino hilo linahitaji kutibiwa.

WASIWASI WA WAZAZI

Wapo wazazi wanaochelea kuwa uozo utafungiwa ndani na kulila jino kwa siri. Wasiwasi huo una maana, na ndiyo sababu daktari hulikagua jino kwanza. Hata hivyo imethibitika kuwa pale ambapo uozo umeanza tu na gamba bado halijabomoka, kuliziba jino huusimamisha, kwa sababu vijidudu vikikatiwa sukari hudhoofika.

Wapo wanaouliza iwapo dawa hiyo ina madhara. Baadhi ya resini huacha chembe ndogo sana za kemikali mara tu baada ya kupakwa, nazo huondoka kwa kufutwa na kusukutuliwa. Vizibo vimetumika kwa zaidi ya miaka 50, na vyama vya madaktari wa meno vinaendelea kuvipendekeza. Mtoto mwenye mzio wa dawa yoyote daktari aelezwe mapema.

Wapo wengine wanaosema kuwa hapana haja ya kumsumbua mtoto asiyelalamika maumivu. Jawabu ni kwamba jino haliumi linapoanza kuoza. Huuma uozo unapokaribia mshipa wake wa fahamu, na wakati huo kizibo cha kinga kimeshapitwa na wakati. Kinachofuata ni usiku usio na usingizi, shavu lililovimba, siku za skuli zinazopotea na mzazi anayeomba ruhusa kazini. Na mwisho wake mara nyingi ni koleo. Gego likishang'olewa, lile lililo nyuma yake huinamia kwenye pengo, meno yakapoteza mpangilio, na mtoto akazoea kutafunia upande mmoja.

Ama karafuu, ambayo ni fahari ya visiwa hivi, ina msaada wake unaofahamika. Mafuta yake hutuliza maumivu ya jino, na madaktari wenyewe huyatumia katika dawa za kujazia kwa muda. Lakini kutuliza si kuponya. Jino lililonyamazishwa kwa karafuu huendelea kuoza kimya kimya.

KIZIBO HAKIONDOI WAJIBU WA MSWAKI

Aliyefunga mlango wa mbele akauacha wa uani wazi hajalinda nyumba. Mtoto aliyezibwa magego bado anahitaji kupigishwa mswaki mara mbili kwa siku, hasa kabla ya kulala, kwa dawa ya meno yenye floridi. Mtoto wa miaka 6 hana ustadi wa kutosha wa mkono. Mzazi amsimamie na amsaidie, na aupitishe mswaki ubavuni mpaka kwenye jino la sita.

Mswaki wa mti, ambao una heshima yake katika dini na mila za watu wa pwani, husafisha vizuri ukitafunwa mpaka ukawa laini na ukafikishwa kwenye magego, si meno ya mbele peke yake. Anayeutumia haimdhuru kuongezea dawa ya meno yenye floridi.

Kuhusu sukari, kinachodhuru zaidi ni wingi wa nyakati za kuila. Mtoto anayepita dukani akenda skuli, akanunua ubuyu wa sukari wakati wa mapumziko, akanywa soda mchana, na akatafuna peremende akenda chuoni, meno yake hayapumziki siku nzima. Kashata au visheti vikiliwa pamoja na mlo, kisha mtoto akasukutua kwa maji, madhara hupungua. Shirika la Afya Ulimwenguni lilishauri mwaka 2015 kuwa nishati itokanayo na sukari inayoongezwa katika vyakula na vinywaji isifikie asilimia 10 ya mahitaji ya siku, na bora iwe chini ya asilimia 5.

YANAYOHITAJIKA KUFANYWA

Wazazi wanaombwa wayahesabu meno ya watoto wao wanapofikia umri wa miaka 6 na tena wanapofikia miaka 12, na wawapeleke kwa daktari wa meno wakiwa wazima, wamuulize waziwazi iwapo magego yao yanafaa kuzibwa na kwa dawa ipi.

Walimu wa skuli na wa vyuo wanaombwa watoe fundisho la jino la sita kwa watoto wa madarasa ya mwanzo. Mtoto aliyejua kulihesabu jino lake mwenyewe atamfundisha mamaake nyumbani.

Wakuu wa taasisi wanaombwa wazingatie kuwa saa mbili za ruhusa kwa mtumishi anayempeleka mtoto kukingwa ni nafuu kuliko siku tatu za mtumishi anayeuguza jipu la jino.

Wahudumu wa vituo vya afya na wakunga nao wana nafasi yao. Mama anayeleta mtoto mdogo kwa chanjo mara nyingi ana mwengine wa miaka 6 nyumbani. Neno moja kwa mama huyo linatosha kuliokoa jino.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika magego ya watoto ufa huo unaonekana kwa macho, dawa ya kuuziba inajulikana, na muda wa kuuziba ni miaka michache tu baada ya jino kuota. Kila mzazi mwenye mtoto wa umri huo ana nafasi ya kuhesabu usiku wa leo, kabla mtoto hajalala.